Umeniita, Nimekuja, Kuku Hayupo

Mama aliweka kipeperushi chetu juu ya kaunta, akakinyoosha vizuri kwa kiganja, halafu juu yake akaweka tiketi ya basi. Hakusema kitu kwanza. Nikamwamkia shikamoo kwa mazoea yangu ya Tanga, akanijibu jambo, nikajua huyu katokea Kongo, na wala sikuhitaji kumuuliza kilichomleta maana alishakizungushia kalamu: mapaja ya kuku, mfuko wenye uzito wa paundi 10, kwa bei ambayo hata sisi wafanyakazi tulipoiona tuliguna.

Hayapo mama, yameisha tangu asubuhi.

Nikamweleza kuhusu reincheki, kile kikaratasi tunachomwandikia mteja ili stoki ikirudi aje auziwe kwa bei ile ile ya ofa hata kama wiki ya ofa imeshapita. Nikaandika, nikagonga muhuri, nikampa. Akakisoma, akakigeuza nyuma kusikoandikwa kitu, akakirudisha mbele.

"Mwanangu, hii karatasi nitaipika?"

Nafanya kazi kaunta ya huduma kwa wateja kwenye supamaketi moja huku Brooklyn Park, Minnesota, na kwa habari ya bidhaa za ofa kuisha nimeshatukanwa na watu wa kila rangi na kila lugha, yani matusi yenyewe siku hizi yanapita tu. Hili halikuwa tusi na halikupita. Wiki nzima nikajikuta namjibu nikiwa naosha vyombo, na wiki iliyofuata pia, na kila jibu nililokuwa nalo lilikuwa la kisheria na yeye hakuniuliza sheria.

## Karatasi inatoka wapi

Sheria ipo, na ni ya zamani kuliko mimi. Mwaka 1971 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitoa kanuni maalum kwa maduka ya vyakula: ukitangaza bei ya chakula, hicho chakula kiwepo dukani muda wote wa ofa. Kabla ya hapo walifanya utafiti kwenye supamaketi za Washington na San Francisco, wakaona vitu vinatangazwa halafu havipo, na Washington tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwenye maduka ya mitaa ya watu wenye kipato kidogo. Hapo nilisimama kidogo niliposoma. Yani yule asiye na gari ndo hasa aliyekuwa akienda kukuta shelfu tupu.

Kanuni ya mwanzo ilikuwa kali. Maduka yakalalamika kwamba ili yasivunje sheria yanalazimika kujaza stoki kupita kiasi, gharama inapanda, na gharama ikipanda mwisho wa siku analipa mteja huyo huyo. Mwaka 1989 FTC wakakubali hoja, wakalegeza. Sasa duka haliko kwenye kosa kama liliagiza mzigo wa kutosha kwa wakati ila mzigo haukufika, au kama linatoa reincheki, au linakupa kitu kingine kinacholingana kwa bei ile ile au punguzo linalolingana, au fidia nyingine isiyopungua thamani ya ofa. Na kama tangazo lenyewe lilisema wazi kwamba mzigo ni mdogo, basi hata hayo yote si lazima.

Sikatai, ni kanuni ya maana. Nchi ngapi zimekaa chini zikatunga sheria ya kuku wa ofa.

Ila angalia inachohesabu. Inahesabu kuku tu. Tofauti ya bei ya ofa na bei ya kawaida, basi, hiyo ndo hasara inayotambulika na hiyo ndo inayolipwa. Tiketi ya basi iliyokuwa juu ya kaunta haikuwemo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Tiketi ya Metro Transit, shirika la mabasi la hapa, inakubeba masaa mawili na nusu, ukipitiliza unalipa upya, na mama alikuwa kila baada ya muda anaitazama huku mi namweleza habari za muhuri.

Nadhani ndo maana ugomvi wa kaunta huwa haueleweki. Mteja anagombea safari, sisi tunamjibu kuku. Anasema "nimetoka mbali", tunamwambia "tutakuuzia kwa bei ile ile". Sote tunasema kweli na hakuna anayemsikia mwenzake, halafu sauti zinapanda, anaitwa menija.

## Bwana na manyoya ya dola moja

Katika kuchimba chimba nikakuta kesi ya hapa hapa, Minneapolis. Kama kuna mtu amesoma sheria anaijua, wanafunzi wa sheria wa Marekani wanaimeza karibu wote: Lefkowitz dhidi ya Great Minneapolis Surplus Store, mwaka 1957.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa nne 1956 lile duka liliweka tangazo gazetini, Jumamosi saa tatu kamili asubuhi, makoti matatu mapya ya manyoya yenye thamani ya kufikia dola 100, kila moja dola moja, wa kwanza kufika ndo wa kwanza kuhudumiwa. Bwana Lefkowitz akawahi, akawa wa kwanza, wakamkatalia. Wakamwambia utaratibu wa duka ni kwamba ofa ile ni ya wanawake tu. Wiki iliyofuata tangazo jingine, safari hii kuna mtandio mmoja mweusi wa manyoya ya sungura wa dola 139 na senti 50, unauzwa dola moja. Akaja tena! Wa kwanza tena. Wakamkatalia tena, wakamwambia we si utaratibu wetu unaujua.

Akaenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka mahakama kuu kabisa ya jimbo, na akashinda. Kwenye makoti alikosa maana "ya kufikia dola 100" haijulikani ni ngapi hasa, lakini kwenye mtandio akapewa dola 138 na senti 50, yani thamani yake kutoa ile dola moja ambayo angelipa. Mahakama ikasema tangazo lile lilikuwa wazi, kamili, halikuacha chochote cha kujadiliana, kwahiyo ni ahadi, na aliyetimiza masharti yake anayo haki.

Najua, pale kitu kilikuwepo, walikataa tu kumuuzia, sio stoki kuisha. Lakini kilichonikamata ni namba. Tangazo lilisema *mmoja*. Makoti *matatu*. Mtu anayesoma gazeti Ijumaa usiku anajua kabisa ni mmoja, anapima mwenyewe, niamke alfajiri au nilale zangu. Ukifika wa pili unarudi nyumbani huna wa kumlaumu.

Kipeperushi chetu hakina namba. Kina picha ya kuku mkubwa, bei yenye tarakimu kubwa kuliko kuku, na chini kabisa maandishi ya kuchosha macho kwamba ofa ni mpaka mzigo utakapoisha.

Sawa, lakini ni mzigo kiasi gani?

Nilimuuliza menija, sio kwa ubishi, tulikuwa tunapumzika. Nikamwambia mgao wa kila duka si unajulikana wiki kadhaa kabla, makao makuu wanatuletea kwenye kompyuta, mifuko kadhaa duka hili, mifuko kadhaa lile, kwanini isiandikwe tu? Hakufikiria hata kidogo. Akanijibu kwamba ukiandika namba, saa mbili asubuhi kutakuwa na fujo mlangoni na saa nane mchana hatakuja mtu. Na sisi tunataka watu waje saa nane mchana.

Basi nikaelewa kitu ambacho pengine wenzangu mnakijua zamani. Kuku wa ofa tunamuuza kwa faida ndogo sana au kwa hasara kabisa, kazi yake ni kukuingiza mlangoni, ukishaingia utachukua mafuta, sabuni, mchele, na hivo ndo vinavyolipa. Kwahiyo tangazo linaendelea kufanya kazi hata kuku akiisha. Linaita watu mpaka siku ya mwisho ya ofa. Kuku anaisha Jumatano, tangazo linaendelea kuita.

Sisemi ni wizi. Menija wangu ni mtu mzuri na reincheki anatoa bila kununa. Nasema tu kwamba kutoandika namba sio bahati mbaya.

## Aliyeyamaliza

Sasa hapa ndo mambo yaliponichanganya.

Yule mama alipoondoka nilikuwa najua nani kayamaliza mapaja. Namjua, tunasalimiana, ni kaka wa Kigoma mwenye kiduka cha vyakula vya Kiafrika sio mbali na nyumba nyingi za watu wetu. Siku ya kwanza ya ofa anakuja na mkewe, watoto wawili wakubwa na shemeji, kila mmoja na mifuko yake miwili kama tangazo linavyoruhusu, wanapita kaunta tofauti, wanatoka, na baada ya muda shemeji anarudi akiwa amevaa kofia. Kuku wale wanaishia kwenye friza la kiduka na wanauzwa kwa bei ya kawaida au zaidi kidogo.

Nikawa nimempata mbaya wangu. Raha iliyoje.

Nikamwambia siku moja, kwa utani ila sio utani, kaka unatuletea matusi dukani. Akacheka. Akasema, "Dada, wale mama hawana magari. Mi nawapelekea mpaka karibu na mlango, wengine nawaandikia kwenye daftari wanalipa mwisho wa mwezi. Nyie mnawaandikia nini?"

Tunawaandikia reincheki.

Sikumjibu. Nilitaka nimwambie kwamba kama asingeyachukua yote mama angeyakuta, na hiyo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba mama angeyakuta leo tu, wiki ya ofa, na wiki nyingine zote anamtegemea yeye na daftari lake. Bado sijui nisimame wapi. Kuna siku namuona anatumia ofa ya maskini kuwauzia maskini, na kuna siku namuona ndo mtu pekee kwenye mlolongo mzima aliyeihesabu ile nauli ya basi. Anaihesabu kwa faida yake, ndio, lakini anaihesabu.

Halafu tusisahau sababu nyingine za kuisha ambazo hazina mtu. Lori linachelewa na theluji. Bohari inakata oda, uliagiza mengi unaletewa nusu. Mwaka 2015 homa ya ndege ilipita kwenye mashamba ya Minnesota, jimbo linaloongoza Marekani kwa kufuga bata mzinga, ikaua na kulazimisha kuuawa mamilioni, na vipeperushi vya maduka hupangwa wiki nyingi kabla, havina habari na ugonjwa. Na kuna ninachokiita stoki hewa: kompyuta inasema ipo kumi na kitu, shelfu haina hata moja, kwa sababu kuna iliyoibiwa, kuna iliyooza ikatupwa bila kuandikwa, kuna iliyopigwa kama bidhaa nyingine kaunta. Mteja anapiga simu, tunaangalia kompyuta, tunamwambia njoo.

## Wanaouliza

Kuna jambo jingine la kaunta ambalo haliko kwenye kanuni yoyote. Reincheki anapata anayeuliza.

Wazee wa Kizungu wa hapa wanajua. Wanakuja moja kwa moja, hata kwenye shelfu hawajaenda kuhakikisha, "nipe reincheki ya siagi, pakiti nne", wamezikusanya kwenye bahasha nyumbani. Neno lenyewe wamelikuta kwenye tiketi za mechi za besiboli, mvua ikinyesha unarudi siku nyingine kuangalia. Wamekua nalo.

Watu wetu hawaulizi. Anaona shelfu tupu anageuka, au ananunua kuku wa bei kubwa aliyewekwa hapo hapo pembeni, maana hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu na watoto wanajua mama kaenda kuleta kuku. Sisi tuliokulia Tanga, kwa Mangi akikwambia sukari imeisha unasema asante unaenda duka la pili. Hakukuita. Ulienda mwenyewe kubahatisha. Hukasiriki, na wala huna cha kudai.

Nafikiri tumekuja na adabu ile ile mahali ambapo tumeitwa. Wahenga walisema usikatae wito, kataa neno. Mama aliitikia wito. Karatasi iliingia kwenye boksi lake la barua na picha na bei na tarehe. Aliyeita ndo hakuwa na neno.

Kwahiyo mi siku hizi siwasubiri waulize. Nikimuona mtu amesimama mbele ya shelfu tupu ameshika kipeperushi namfuata. Kuna mwenzangu kaunta analalamika kwamba najitafutia kazi.

## Na kule kwetu

Nilipomsimulia mdogo wangu aliyeko Dar akacheka, akasema huku ofa ikiisha imeisha, utamshtaki nani. Sio kweli kabisa. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na FCC yetu wenyewe, Tume ya Ushindani, jina lililopishana herufi moja tu na la tume ya hapa, na sheria hiyo inakataza matangazo ya kupotosha. Kenya wana sheria ya kumlinda mlaji ya 2012, na humo kudai bidhaa ipo wakati unajua au ulipaswa kujua kwamba haipo kunahesabiwa ni uongo kwa mteja.

Lakini chini ya sheria hizo kuna mzizi wa Kiingereza tuliourithi wote, na huo unasema tangazo kwa kawaida sio ahadi ya kuuza, ni kukaribisha watu waje waombe kununua. Kuna kesi ya Uingereza ya 1968, Partridge dhidi ya Crittenden, mtu alitangaza ndege wa porini kwenye jarida akashtakiwa kwa kosa la kuwaweka sokoni, akaachiwa kwa sababu tangazo sio ahadi ya kuuza. Na jaji alipoeleza kwanini iwe hivyo, sababu yake ilikuwa stoki: tangazo likiwa ahadi, muuzaji atalazimika kumuuzia kila aliyelisoma akaja, hata kama ndege wake wameisha.

Nilicheka peke yangu. Sheria nzima imejengwa kwa kumuonea huruma mwenye duka asije akaishiwa. Aliyepanda basi hakuwaza mtu.

## Bei imehamia kwenye simu

Siku hizi ugomvi wenyewe unabadilika sura, na nadhani huko mbele tutaikumbuka shelfu tupu kwa upendo.

Kuku sasa yupo. Wamejaa. Bei kubwa ya rangi nyekundu imebandikwa, na chini yake herufi ndogo: kwa kuponi ya dijitali. Mteja anafika kaunta, mashine inasoma bei ya kawaida, anasema pale pameandikwa vingine, tunamwambia ilibidi ufungue programu yetu, uingie kwa baruapepe, uibonyeze ile kuponi kabla hujalipa. Bibi ana simu ya kufunguka na kufunga ile ya zamani. Baba mwingine ana simu nzuri ila programu iko kwa Kiingereza na nenosiri aliwekewa na mtoto ambaye yuko shule.

Hapa hakuna kuishiwa. Kwahiyo reincheki haina pa kuingia, maana bidhaa ipo, bei tu ndo haipo kwa ajili yako. San Diego mwaka 2025 walipitisha sheria ya jiji kwamba duka likitoa punguzo la dijitali litoe na njia ya karatasi kwa bei ile ile. Kwetu pale kaunta naweza kumwekea mteja lile punguzo mwenyewe kwa mkono. Akiuliza.

## Piga simu kwanza

Nilichoweza kufanya ni kidogo. Nilimwomba menija tuweke ubao mlangoni unaosema nini cha ofa kimeisha, akakataa, na nilitegemea hivyo. Nikamwomba basi niruhusiwe kuwaambia watu wapige simu kabla ya kutoka nyumbani, akasema hilo sawa, simu ipo kwa ajili hiyo. Nikatangaza kanisani na kwenye grupu letu la WhatsApp, kwa Kiswahili, kwamba ukipiga na mi nipo zamu nitakwambia ukweli.

Wanapiga, na wanapiga sana. Na kwa sababu ya stoki hewa siwezi kuwajibu kwa kuangalia kompyuta, inabidi niweke simu pembeni, nitembee mpaka kwenye mafriza, nihesabu kwa macho, nirudi. Foleni kaunta inaniangalia. Menija ameshaniambia kwamba muda ninaotumia kwa simu moja ni mrefu, na kwamba yule kaka wa Kigoma naye ameanza kupiga.